Jukwaa Nalo Linasema: Mandhari, Maleba, Taa na Sauti katika Uhakiki wa Tamthiliya

Mchukue mwanafunzi yeyote wa fasihi wa mwaka wa pili, umpe Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, umwambie aihakiki. Hatakusumbua. Atakuandikia kurasa sita za dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa, halafu atavuka mstari na kuingia katika fani: muundo, mtindo, wahusika, matumizi ya lugha, mandhari. Chini ya kichwa kidogo cha “mandhari” ataandika kwamba mchezo unatokea Ngarambe, upande wa mto Rufiji, wakati wa utawala wa Mjerumani. Basi, amemaliza. Kazi hiyo hiyo, ukibadilisha majina mawili matatu, ingeweza kabisa kuwa uhakiki wa riwaya.

Makala haya yana ugomvi na uhakiki wa namna hiyo. Hoja yetu ni kwamba mtu asiyejua walau misingi ya upangaji wa jukwaa, maleba, taa na sauti hawezi kuihakiki tamthiliya. Anachoweza ni kuyahakiki maneno yaliyomo ndani yake. Na maneno ni nusu tu ya kazi, pengine hata nusu haifiki. Yale maelezo yaliyo katika mabano, ambayo wengi wetu tunayaruka kwa haraka ya kuwahi mazungumzo, ndimo mwandishi alimoificha nusu ya pili.

Kuna makundi mawili ya watu ambao hawatakubaliana nasi, na ni vizuri tuanze nao.

Kundi la kwanza linasema: hayo ni mambo ya mafundi. Sisi ni watu wa fasihi bwana, kazi yetu ni kusoma. Wa kufunga taa na kushona nguo wapo. Kwa kundi hili tunaomba likumbuke yaliyotokea Kamiriithu, Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji wa pale walijenga jukwaa lao la wazi kwa mikono yao wenyewe, wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Novemba ya mwaka huo huo serikali ikafuta kibali cha maonyesho, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mpaka hapo kila mtu anaijua hadithi. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 1980 maandishi ya mchezo ule yalichapishwa Nairobi kama kitabu. Kitabu kikatoka. Mwaka 1982 askari wakatumwa Kamiriithu kulibomoa jukwaa. Yaani maneno yaliachwa yatembee madukani, mbao na nguzo ndizo zilizoonekana za hatari! Dola ilikuwa imehakiki vizuri kuliko sisi. Ilifahamu kwamba ile hati ya shamba la ekari moja na nusu, ikiwa ndani ya kitabu, ni maelezo ya mwandishi. Lakini ikitundikwa kwenye ukuta wa nyumba ya Kĩgũũnda mbele ya maelfu ya watu ambao wao wenyewe wanatafuta ardhi, inakuwa kitu kingine. Inatazamwa muda wote wa mchezo. Wahusika wanaongea mambo yao, wanacheka, wanagombana, na hati ipo pale pale juu ya vichwa vyao. Hakuna mazungumzo yanayoweza kufanya kazi hiyo.

Kundi la pili lina hoja nzito zaidi. Linasema kwamba taa, mapazia na mandhari ya kuchorwa ni mali ya Mzungu. Sanaa ya Mwafrika ilichezwa uwanjani, chini ya mwezi, watu wameunda duara; ngoma ikilia inatosha. Kujifunza misingi ya upangaji jukwaa, kwa mtazamo huo, ni kurudi katika kasumba ile ile iliyojenga Kenya National Theatre mwaka 1952 kwa ajili ya walowezi kutazamana.

Tunaiheshimu hoja hii, lakini imejikwaa mahali pamoja. Imedhani kwamba duara, mwezi na moto si upangaji. Hebu tufikiri. Nani aliamua watu wakae duara na si mistari? Duara linamfanya kila mtazamaji amwone mtazamaji mwenzake ng'ambo ya pili. Anapocheka anaonekana, akinuna anaonekana. Huo ni uamuzi wa kifani wenye maana ya kijamii. Nani aliamua moto ukae pembeni mwa fanani na si nyuma yake? Mtu aliyejua kwamba moto ukiwa nyuma uso unatoweka. Ngoma zinaanikwa karibu na moto kabla ya mchezo ili ngozi ikaze na sauti ipande. Anayefanya hivyo ni mtaalamu wa sauti, hata kama hana cheti. Sanaa zetu hazikukosa upangaji. Zilikosa mhakiki wa kuuandika.

Na hata wale waliotoka ukumbini wakaenda vijijini hawakulikwepa tatizo. Sanaa za maonyesho kwa maendeleo, kama zile zilizofanyika Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hazikubeba taa wala mapazia. Zinachezwa mchana, nje. Vizuri. Lakini ukicheza nje saa kumi alasiri una taa moja kubwa ambayo huwezi kuizima, nayo iko magharibi. Ukiwakalisha watazamaji wakiitazama, watakunja nyuso na kuweka viganja juu ya macho, na waigizaji wataonekana kama vivuli vyeusi. Ukiwapa mgongo wa magharibi, mwanga wote unawaangukia waigizaji usoni, ingawa sasa ni wao watakaokunja macho. Ukiliweka jua ubavuni, kila upande unateseka kidogo na unaona kiasi. Uchaguzi huu mdogo unafanywa na mtu anayechora duara kwa kijiti mchangani, na akikosea, kampeni nzima ya kunawa mikono imepotea. Sijaona kitabu chetu hata kimoja cha uhakiki kinachomuuliza mwanafunzi: jua lilikuwa wapi?

Sasa tuingie katika taa zenyewe, maana hapa ndipo pana utajiri mwingi na ujinga mwingi.

Huko Ulaya, taa ya umeme jukwaani haina hata miaka mia mbili. Ukumbi wa Savoy, London, uliofunguliwa mwaka 1881, ndio jengo la umma la kwanza kuwashwa lote kwa umeme. Kabla yake ilikuwa gesi, na kabla ya gesi mishumaa. Kilichobadilika kwa umeme ni zaidi ya ukali wa mwanga: sasa mtu mmoja angeweza kupunguza mwanga wa upande mmoja na kuongeza wa upande wa pili bila kumgusa mwigizaji. Mswisi Adolphe Appia aliona mapema kwamba mwanga unaweza kuwa kama muziki, unaopanda na kushuka na hisia za mchezo, badala ya kumulika tu mandhari ya kuchorwa. Halafu mwaka 1932 Mmarekani Stanley McCandless, mwalimu wa Yale, akaandika kanuni ambayo mpaka leo ndiyo somo la kwanza: kila eneo la jukwaa limulikwe na taa mbili kutoka mbele, moja kulia na moja kushoto, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45 na kutokea juu, moja iwe na rangi ya joto, kama ya jua la jioni, nyingine ya baridi, yenye ubuluu. Uso unapata upande wa nuru na upande wa kivuli, kwa hiyo unakuwa na umbo. Ukimulika kutoka mbele moja kwa moja, uso unakuwa bapa kama sinia.

Kanuni nzuri. Lakini ina jambo ambalo mwanafunzi wa huku lazima aliulize: uso wa nani? Vitabu vile viliandikwa kwa kuwatazama waigizaji weupe. Rangi zinazopendekezwa, viwango vya ukali, hata ushauri kuhusu poda, vyote vinadhani ngozi itarudisha mwanga mwingi na kwa usawa. Ngozi nyeusi hairudishi hivyo. Inang'aa kwa madoa: kwenye paji, kwenye shavu, kwenye mfupa wa pua, na umbo lake linasomeka kwa kung'aa huko kuliko kwa weupe wa uso mzima. Kwa hiyo taa ya ubavuni, ambayo katika vitabu vile ni nyongeza, kwetu ni ya lazima. Na taa ya kisogoni, inayochora ukingo wa kichwa na mabega, ndiyo inayomtoa mwigizaji katika pazia jeusi lililo nyuma yake. Asipokuwa nayo anamezwa.

Kosa la pili ni kinyume chake. Kumbi zetu nyingi za mihadhara zina ukuta mweupe, na juu tyubulaiti ndefu zinazomwaga mwanga kila mahali. Ukuta mweupe unawaka kuliko mwigizaji. Jicho la mtazamaji linajirekebisha kufuata ukuta, na nyuso zinabaki giza. Unawasikia watu kwenye viti vya nyuma wakisema eti mwigizaji fulani “hana hisia”. Hisia anazo, jamani, hazionekani! Kitambaa cha kahawia au kijivu kikining'inizwa ukutani, na nusu ya tyubulaiti zikizimwa, mwigizaji huyo huyo angesifiwa. Mhakiki asiyejua jambo hili atamlaumu mwigizaji, au mbaya zaidi, atamlaumu mwandishi kwa “kutokuza wahusika”.

Na kuna hesabu zisizokwepeka. Soketi ya kawaida ya ampia 13, kwa umeme wa volti 230, inabeba wati 2,990. Taa tatu za wati 1,000 zimeshapita hapo. Wanaochomeka taa nne za namna hiyo katika ekstensheni moja, kisha wakashangaa ukumbi kuingia giza katikati ya sehemu ya pili, hawana haki ya kuilaumu kampuni ya umeme. Siku hizi taa za LED zimepunguza adha hiyo kwa kiasi kikubwa, maana zinakula umeme kidogo na hazichomi vidole, lakini nyingi za bei rahisi zina mwanga wa kibuluubuluu unaozifanya ngozi zetu zionekane za majivu. Karatasi ya rangi ya kaharabu mbele yake inasaidia.

Turudi Ngarambe sasa tuone kama ujuzi huu unatusaidia kusoma. Katika Kinjeketile, mganga anapandwa na nguvu isiyo ya kawaida, anaingia majini, watu wanangoja kwa hofu, kisha anatoka. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na watafiti wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 yanasema alitoka akiwa mkavu. Swali la mchezo mzima limelala hapo: yale maji yalikuwa kweli au ni neno tu? Hussein halijibu. Anamwacha Kinjeketile mwenyewe alishuku, na anaifanya shaka hiyo kuwa ndiyo tanzia yake.

Sasa njoo na taa. Tuseme mwongozaji anawasha taa ya buluu inayozunguka pale mganga anapotokea, na spika zinatoa mlio wa mzimu. Watazamaji watapiga makofi. Lakini mwongozaji huyo ameshalijibu swali ambalo mwandishi alilikataa. Ametuambia kwamba Hongo yupo, maji ni kweli, na kwa hiyo mauaji yanayofuata ni bahati mbaya tu. Tuseme mwingine, kwa kupenda uhalisia, anamwagia mwigizaji ndoo ya maji ili atoke akichuruzika. Huyu naye amejibu: hakuna muujiza, mtu kaogelea. Kwa mawazo yetu, njia inayouheshimu mchezo ni ile nyepesi kuliko zote: mwanga wa jioni uliolala, kutoka upande mmoja, unafifia polepole wakati watu wanangoja; kisha mwanga mweupe wa kawaida kabisa wa asubuhi kutoka upande wa pili, na mtu mkavu amesimama. Mtazamaji anabaki na swali lake. Chaguo tatu za taa, falsafa tatu tofauti, na hakuna neno hata moja la mwandishi lililobadilika. Nani atasema huo si uhakiki?

Tena si ajabu kwamba mwanga mweupe wa kawaida unamfaa Hussein. Alisoma Berlin ya Mashariki, katika Chuo Kikuu cha Humboldt, akaandika pale tasnifu yake kuhusu maendeleo ya drama Afrika ya Mashariki katikati ya miaka ya 1970. Mji huo ndio wenye Berliner Ensemble, kikundi alichokianzisha Bertolt Brecht pamoja na Helene Weigel mwaka 1949. Brecht alitaka jukwaa liwake mwanga mweupe mkali, taa zenyewe zionekane na watazamaji, ili mtu asisahau kwamba yuko mchezoni na kwamba anatakiwa kufikiri. Kinjeketile ilitangulia, ilitoka mwaka 1969, kwa hiyo hatusemi Berlin iliizaa. Tunasema tu kwamba mwenye kuijua nadharia ya Brecht kwa maneno, akaikariri kwa ajili ya mtihani, bila kujua kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa suala la balbu, hajaijua.

Kuhusu maleba tutasema machache, ingawa yana mengi. Maleba ni maneno ya kwanza ya mhusika: kabla hajafungua kinywa ameshatuambia tabaka lake, umri wake na kama ana fedha. Waongozaji wengi wa vyuoni wanalijua hilo kwa upande wa tajiri (suti, tai, kitambi cha mto) na kwa upande wa maskini (shati lililochanwa kwa wembe jana yake, likiwa bado jeupe pe!). Nguo haichakai hivyo. Nguo ya mkulima inafifia mabegani jua linapopiga, inachakaa magotini na kwenye pindo, na jasho linaacha ramani kwapani. Chai nzito, vumbi na jiwe la kusugulia vinatosha kuizeesha nguo kwa siku moja. Shati lililochanwa kwa wembe linasema kitu kimoja tu: huyu ni mwanafunzi anayemcheza maskini, na hajawahi kumtazama maskini vizuri.

Lakini kosa linalotukera zaidi ni la kanga. Katika michezo ya Vita vya Maji Maji wanawake wa Ngarambe ya 1905 huvalishwa kanga zetu za leo, zenye maandishi makubwa ya herufi za Kirumi. Kanga ilikwishazaliwa pwani mwishoni mwa karne ya 19, lakini maandishi yalikuja baadaye, na ya mwanzo yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Nguo ya kawaida ya watu wa bara wakati ule ilikuwa kaniki na merikani. Si kwamba tunalilia historia kama walimu wa makumbusho. Tatizo ni kwamba kanga inasomwa. Mtazamaji wa safu ya mbele analisoma jina la kanga kabla hajamsikiliza Bibi Bobali akizungumza na Bibi Kinjeketile juu ya upungufu wa chakula. Jina lile ni mstari wa mazungumzo ambao Hussein hakuuandika, na kama ni la mafumbo ya mapenzi au ushindani wa wake wenza, njaa ya Ngarambe imeshageuzwa kichekesho. Kwa upande wa pili, katika mchezo wa mjini wa leo, mwongozaji mwerevu angeweza kuitumia kanga kumsemea mke asiyeruhusiwa kusema. Silaha ni ile ile, inategemea nani ameishika.

Neno moja juu ya rangi: nguo ya buluu chini ya taa nyekundu huonekana nyeusi. Anayepanga maleba na anayepanga taa wasipokaa meza moja, kaniki iliyotafutwa kwa taabu na fulana nyeusi ya mitumba zitakuwa kitu kimoja.

Tukija kwenye mandhari, tunakutana na ugonjwa wa sofa. Fungua pazia la mchezo wowote wa wanafunzi, Dar es Salaam au Nairobi: sofa, meza ndogo yenye kitambaa cha kufuma, chupa ya chai, kalenda ukutani. Anayeingia lazima akaribishwe, akae, aulizwe atakunywa nini. Dakika tano zimekwenda. Sofa linazaa mazungumzo ya sofa. Tunakiri kwamba kuna michezo ambamo sofa ni hoja. Katika Mashetani, ambamo familia iliyopanda baada ya mapinduzi inatazamana na iliyoshuka, vitu vya ndani ni ushahidi wa kitabaka, na kila kiti kinapaswa kuuliza kimetoka kwa nani. Lakini katika michezo mingine sofa liko pale kwa sababu tu lilikuwepo chumba cha mapumziko cha wahadhiri. Said Ahmed Mohamed alipowaweka Ame na Zidi pangoni katika Amezidi, alilifuta sofa kwa kalamu. Wapo walioigiza mchezo ule na kulirudisha, wakasema eti ni “pango la kisasa”.

Mfano ulio bora kuliko yote wa mandhari inayobeba hoja ni Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata, Bi Moja hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha Nguzo Mama. Chizi anatusimulia na kutukejeli. Nguzo haisimami. Katika darasa tunaandika kwamba nguzo ni ishara ya umoja na ukombozi wa mwanamke, tunapata alama mbili, tunaendelea. Lakini ishara ile ina urefu gani? Imetengenezwa kwa nini? Ina uzito kiasi gani?

Maswali ya kijinga? Hebu jaribu kuuigiza. Ukitengeneza nguzo ya boksi na kuipaka rangi ya udongo, wanawake wanane hawawezi kushindwa kuinyanyua. Watazamaji wanaona wazi kuwa mtu mmoja angetosha, na mchezo unageuka kuwa ushahidi kwamba wanawake ni wavivu. Hiyo si maudhui ya Muhando hata kidogo! Ni maudhui ya boksi. Ukileta gogo la kweli, utamvunja mtu mguu usiku wa kwanza. Njia iliyo katikati inahitaji maarifa: mrija mwepesi wa plastiki au mabua yaliyofungwa, uliozungushiwa gunia lililopakwa udongo, mrefu kuliko mtu mara mbili na mnene kiasi cha mikono ya mtu mmoja kutokutana. Urefu ni muhimu kuliko unene, kwa sababu kitu kirefu kinayumba, na kuyumba ndiko kunakomfanya kila Bi awe wa lazima: Bi Tatu akiondoka kwenda kwenye mambo yake, tunaona kwa macho nguzo ikielemea upande aliouacha. Hapo ndipo ishara inapokuwa hoja. Kila mwanamke anayeondoka ana pengo lake mahususi angani.

Kisha inaanguka. Ikianguka na kulia “pwa” kama boksi, ukumbi mzima unacheka na Chizi amekosa kazi. Hapa sauti inaikomboa mandhari: mtu asiyeonekana, nyuma ya jukwaa, anaangusha gunia la mchanga juu ya ubao mtupu sekunde ile ile nguzo inapogusa chini. Sikio linaliambia jicho kwamba kile kitu kina uzito, na jicho linakubali. Gharama yake ni gunia moja. Lakini lazima gunia liangushwe upande ule ule nguzo ilikoangukia; likilia kushoto na nguzo ikiwa kulia, uongo umeumbuka.

Kanuni hiyo ya upande ndiyo inayovunjwa kuliko zote katika sauti. Mlango unagongwa kulia kwa jukwaa, sauti inatoka katika spika iliyo juu kushoto, mwigizaji anageuka kulia, watu wanaguna. Miaka ya nyuma lawama iliangukia kaseti, kwamba mpaka fundi aipate sehemu yake kwa kurudisha nyuma na kupeleka mbele, mgeni ameshaingia. Siku hizi sauti zimo kwenye simu, zinapatikana kwa kugusa kioo, na kosa liko pale pale. Gonga ubao kwa mkono, nyuma ya mlango wenyewe! Radi ni bati jembamba linalotikiswa. Mvua ni choroko zinazozungushwa polepole katika ungo. Kwato za farasi wa ofisa wa Kijerumani ni vifuu viwili vya nazi. Vitu hivi vinamfuata mwigizaji: akichelewa, vinamngoja. Ngoma iliyorekodiwa haimngoji mtu, na ndiyo maana mchezo kama Ngoma ya Ng'wanamalundi wa Emmanuel Mbogo ukipigiwa ngoma ya spika unakufa wima. Ngoma pale ni mhusika, anajibizana na wengine. Huwezi kujibizana na simu. Na mvua ya kweli ikianza kupiga paa la mabati katikati ya mchezo, mwongozaji mwenye akili atakuwa amewafundisha waigizaji wake kusimama, wakae kimya ndani ya uhusika, mpaka ipungue. Tumeona wanaoshindana nayo kwa kupiga kelele. Hawajawahi kushinda.

Je, mwanafunzi wa fasihi afanye nini, naye hana ukumbi wala taa? Aanze na daftari. Achukue tamthiliya moja anayoijua, na kwa kila onyesho ajibu: mwanga unatoka wapi na saa ngapi, kila mtu amevaa nini na nguo hiyo ina umri gani, kitu gani jukwaani kisingeweza kuondolewa, kinachosikika kabla ya neno la kwanza ni nini. Ajibu kwa kalamu, kwa sababu kwa mdomo kila mtu ni mwongozaji. Halafu achukue tochi mbili za simu na rafiki mmoja, wazime taa za bwenini, amulike uso wa mwenzake kutoka mbele, kisha ubavuni, kisha kisogoni, kisha chini ya kidevu. Dakika kumi zinatosha kumwonyesha kwa nini mhusika mwovu katika michezo ya zamani alimulikwa kutoka chini, na kwa nini hila hiyo leo inachekesha tu. Idara zetu nazo zingeweza kuweka swali moja la namna hii katika mtihani wa tamthiliya. Moja tu. Wanafunzi wangeanza kusoma mabano wiki hiyo hiyo.

Tuimalizie Kinjeketile. Yuko gerezani. Mjerumani anamtaka aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na anakataa, kwa sababu akisema hivyo kupigana kwenyewe kutahesabika kuwa kosa, na watoto watakaozaliwa wataambiwa hivyo. Katika darasa tunalichambua jibu hilo mpaka linakauka. Sasa uwe wewe ndiye uliyeshika swichi. Ukizima taa zote ghafla neno la mwisho linapotoka, umefunga mlango: vita vimekwisha, shujaa amekufa, tuondoke. Ukimfifisha polepole mpaka abaki na ukingo wa bega tu, umetuomba tumlilie. Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoiunga mkono: mwache pale pale katika mwanga mweupe, mnyororo ukisikika kila anapohema, na badala ya kuzima jukwaa, washa taa za ukumbini. Watazamaji watatazamana. Wengine watadhani fundi amekosea, watageuka nyuma kumtafuta. Waache wageuke.